Sura ya Nne: Mashahidi wa Uhuru Park

Jumatatu, Desemba 30, 2002, jiji la Nairobi lilihamia bustanini. Tume ya Uchaguzi ilikuwa imemtangaza mshindi siku iliyotangulia, na muda wa kuandaa sherehe ulikuwa usiku mmoja tu. Kulipokucha, mteremko wa Uhuru Park unaoangalia jukwaa ulikuwa umeshafunikwa na watu. Walikuja kwa miguu kutoka Kibera, Mathare na Eastlands, wengine wakateremka kwenye matatu zilizotoka Nakuru, Machakos na Murang'a. Waliokosa nafasi chini walipanda miti, na matawi yakainama. Kamba zilizotenga sehemu ya wageni mashuhuri hazikudumu. Askari walisukumwa kidogo kidogo hadi wakaacha kujaribu, na mabalozi wakajikuta wamebanwa bega kwa bega na makanga na wauza mitumba. Idadi ya waliofika inabishaniwa mpaka leo: wapo wanaosema mamia ya maelfu, wapo wanaosema milioni. Picha za siku ile zinaonyesha vichwa tu, kuanzia ukingo wa jukwaa hadi barabarani.

Walikuja kumwona Mwai Kibaki akila kiapo. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 71, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kugombea. Mnamo Desemba 3, kampeni zikiwa zimepamba moto, gari lake lilipata ajali karibu na njia panda ya Machakos. Akavunjika mkono na kifundo cha mguu, akaumia shingo, akapelekwa London kutibiwa. Alirudi katikati ya mwezi. Siku ya kiapo aliletwa jukwaani kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa ndani ya plasta, shingo imeshikiliwa na kola ya hospitali. Umati haukuuona udhaifu huo kuwa mkosi. Walimshangilia kwa sauti iliyofunika bendi ya jeshi.

Kisha akaja Daniel arap Moi, na hapo ndipo siku ile ilipoacha kuwa sherehe ya kawaida. Alikuwa ametawala tangu Agosti 1978, miaka 24. Picha yake ilitundikwa katika kila ofisi na karibu kila duka. Taarifa ya habari ya redio ilianza na Mtukufu Rais, na habari nyingine zote zilisubiri nyuma yake. Mtu mzima aliyetaka kumsema alitazama kwanza ni nani aliyekaa meza ya pili. Sasa msafara wake ulikuwa unapita katikati ya watu wale wale, wakaurushia madonge ya tope. Wakamzomea. Wakamwimbia wimbo wa kanisani waliougeuza maneno: ulikuwa ukisema kwamba mwenye imani hashindwi na kitu, wao wakasema kwamba hakuna kitakachoshindikana Moi akiwa ameondoka. Wimbo mwingine wa msimu ule, "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, uliotangaza kwamba wenye kuuimba hawatishiki, ulivuma upande mmoja wa bustani ukapokewa upande wa pili.

Wako walioandika baadaye kwamba tope lile lilikuwa utovu wa adabu. Nami nimelelewa mahali ambapo mzee hatupiwi kitu, na sitalisifu. Lakini nimesoma na kusikiliza kumbukumbu nyingi za siku hiyo, na kinachonigusa ni mshangao wa wenyewe waliokuwepo. Walizomea, wakatazama kushoto na kulia, hakuna aliyekamatwa. Watu waliokuwa wamenong'ona tangu utotoni walikuwa wanapaza sauti kwa mara ya kwanza, na mtu anayejaribu sauti yake kwa mara ya kwanza hachagui maneno vizuri. Kwa upande wake Moi alikaa kimya, uso mkavu, akasoma hotuba fupi ambayo wachache waliisikia kwa kelele, akamtakia heri mrithi wake. Lazima tumpe haki yake hapo. Katika bara ambalo marais wengi wa kizazi chake walitolewa kwa mtutu wa bunduki, yeye alikubali kuketi hadharani asikilize akisemwa.

Na alisemwa kweli. Kibaki, ambaye kwa kawaida alizungumza kwa upole wa mwalimu wa uchumi, alieleza mbele yake kwamba anarithi nchi iliyoharibiwa na miaka mingi ya utawala mbovu. Alisema ufisadi hautakuwa tena mtindo wa maisha Kenya, na kwamba siku za serikali kuendeshwa kwa matamko ya barabarani zimekwisha. Hatalipiza kisasi, alisema, lakini pia itakuwa dhuluma kwa Wakenya kujifanya hayajatokea yaliyotokea. Kila sentensi ilijibiwa na umati. Waliosoma sheria wanajua kwamba kiapo kinahitaji mwenye kuapa na mwenye kuapisha. Pale Uhuru Park kulikuwa na upande wa tatu, nao ulijiona kuwa ndio wenye shughuli.

*

Uwanja wenyewe ulikuwa na historia na watu hao. Mwishoni mwa 1989 serikali ya chama cha KANU ilitaka kujenga hapo jengo la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Moi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua moja baada ya nyingine kulipinga, akatukanwa bungeni, ofisi za shirika lake, Green Belt Movement, zikaondolewa kwenye jengo la serikali. Lakini wafadhili wakajitoa na mnara ule haukujengwa. Mapema 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye kona moja ya bustani hiyo, wakagoma kula, wakidai wana wao. Polisi walipowavamia kwa virungu na gesi ya machozi, baadhi ya wazee wa kike walivua nguo, laana ambayo askari yeyote aliyezaliwa na mama wa Kiafrika anaijua. Wakahamia chini ya kanisa la All Saints lililo jirani, wakaendelea karibu mwaka mzima mpaka wengi wa wana wao walipoachiliwa. Maathai huyo huyo alichaguliwa mbunge wa Tetu katika uchaguzi wa 2002, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hapo hapo Uhuru Park, Oktoba 14, 2002, Raila Odinga alitamka maneno mawili, Kibaki Tosha, akamaliza mvutano wa upinzani juu ya nani asimame. Katika chaguzi mbili zilizotangulia upinzani uligawana kura ukashindwa. Mara hii uliungana chini ya mwavuli wa NARC, na Moi, ambaye katiba haikumruhusu kugombea tena, alikuwa amemchagua Uhuru Kenyatta, kijana wa miaka 41. Kibaki alipata asilimia 62 ya kura. KANU iliyoshika nchi tangu 1963 ikaondoka.

Wakenya walijua pia kwamba Kibaki hakuwa mgeni wa nyumba hiyo. Alikuwa makamu wa Moi kwa miaka kumi, na zamani alipata kusema kwamba kujaribu kuing'oa KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Watu wazima waliyakumbuka maneno hayo. Walimpigia kura hata hivyo, kwa sababu hawakuwa wanachagua malaika. Jambo hili hupotea katika masimulizi ya baadaye yanayosema kwamba umma ulidanganyika. Umma ule haukuwa mjinga. Ulifanya mapatano na mwanasiasa uliyemfahamu, ukayafanya mbele ya macho mengi ili asiweze kuyakana.

Na kwa majuma machache ukaishi kana kwamba mapatano yale yanauhusu wenyewe. Magazeti ya Januari 2003 yaliripoti abiria waliomzunguka askari wa trafiki aliyepokea kitu kidogo, wakamwamuru arudishe pesa. Wengine waliwashika askari kama hao wakawapeleka wenyewe kituoni. Dereva aliyezoea kukunja noti ndani ya leseni aliambiwa na abiria wake aache, hata kama watachelewa. Sijui sheria yoyote iliyopitishwa wiki hizo iliyowapa nguvu hiyo. Waliitoa Uhuru Park. Walikuwa wamesikia kwa masikio yao rais akisema ufisadi umekwisha, basi wakalichukulia kuwa ni agizo.

Shule zilipofunguliwa Januari, wazazi walijitokeza na watoto wao kwa sababu elimu ya msingi ilikuwa imetangazwa kuwa bure. Katika Shule ya Msingi ya Olympic, Kibera, wazazi walifurika mlangoni wakigombania nafasi. Nchi nzima watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa darasani waliingia darasani. Walimu walijikuta na wanafunzi mia moja katika chumba kimoja, wengine wakifundisha chini ya miti, na madawati hayakutosha mpaka miaka mingi baadaye. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa kaptura ya shule huko Eldoret akajiandikisha darasa la kwanza, ajifunze kusoma Biblia yake mwenyewe na kuhesabu pesa zake. Februari 2003 vyumba vya chini vya Nyayo House, mahali watu walipoteswa miaka ya themanini, vilifunguliwa, na walioteswa humo wakaingia kwa hiari yao wakiwa na waandishi wa habari, wakaonyesha: hapa maji yalikuwa yanajazwa, hapa nililala uchi. Gallup walipouliza watu wa nchi nyingi jinsi wanavyouona mwaka unaokuja, Wakenya ndio waliokuwa na matumaini makubwa kuliko wote duniani.

Matumaini hayo yalikwisha polepole, na hadithi hiyo inajulikana. Rais aliugua mapema. Mkataba wa kugawana madaraka baina ya Kibaki na Raila ulikanwa. Katiba iliyoahidiwa katika siku mia haikupatikana. John Githongo, aliyeteuliwa kupambana na ufisadi, alikimbilia Uingereza 2005 akiwa na ushahidi wa Anglo Leasing, kashfa iliyoendelea ndani ya serikali mpya yenyewe. Mwaka huo huo kura ya maoni ya katiba iliigawa nchi kati ya ndizi na chungwa, na chungwa, alama ya wapinzani, likashinda. Askari wa trafiki walirudi barabarani kama zamani, na abiria hawakushuka tena kwenye gari.

*

Kisha ikaja Desemba 30 nyingine.

Mwaka 2007 Kibaki aligombea tena, safari hii Raila akiwa mpinzani wake. Kura zilipigwa Desemba 27. Siku tatu matokeo yalichelewa, na tofauti iliyokuwa ikionekana kwa Raila ikazidi kupungua bila maelezo yaliyoridhisha. Jumapili jioni, Desemba 30, ukumbi wa KICC uliondolewa watu baada ya vurugu, na mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akayasoma matokeo mbele ya kamera za shirika la utangazaji la serikali peke yake: Kibaki ameshinda kwa kura zipatazo laki mbili na thelathini elfu. Chini ya saa moja baadaye, jua likizama, Kibaki alikula kiapo katika bustani ya Ikulu. Waliokuwepo ni waliopigiwa simu. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda.

Miaka mitano, siku kwa siku, mtu yule yule, maneno ya kiapo yale yale. Ningependa msomaji asimame hapo kidogo. Tumezoea kueleza vurugu zilizofuata kwa ukabila, ardhi, umaskini na wizi wa kura, na vyote hivyo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo mtu wa kawaida aliliona kabla ya wachambuzi: kwamba kiapo kimefichwa. Katika desturi zetu nyingi mtu anayeapa kweli huapa penye watu. Ndoa ina mashahidi, mahari hutolewa mbele ya wazee, mpaka wa shamba huonyeshwa majirani wakiwepo. Mambo ya kuaminiana tunayafanya mchana. Mtu aliyeketi Kisumu au Mathare akaona kwenye televisheni rais akiapishwa giza linapoanza kuingia, harakaharaka, kana kwamba kuna anayefukuzana naye, hakuhitaji kuhesabu fomu za vituo. Kabla usiku haujaisha mioshi ilikuwa imeshaonekana. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 1, 2008, kanisa lililokuwa limejaa wanawake na watoto huko Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Hali hiyo ilidumu mpaka Kofi Annan alipowakalisha Kibaki na Raila meza moja, na mkataba ukatiwa saini Februari 28 kwenye ngazi za Harambee House, hadharani, kamera zote zikiwa zimeruhusiwa.

Walioandika katiba mpya, iliyotangazwa rasmi Agosti 27, 2010 katika Uhuru Park ile ile, walilikumbuka giza hilo. Kifungu cha 141 kinaanza kwa kusema kwamba rais mteule ataapishwa hadharani, mbele ya Jaji Mkuu. Neno hilo hadharani halikuwekwa kwa pambo. Sheria ya 2012 iliyofuata ikaongeza saa: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Bunge liliandika jua ndani ya sheria. Sijaona mahali pengine ambapo msiba wa wananchi wa kawaida umeacha alama ya wazi namna hiyo katika ratiba ya rais.

Tangu hapo viapo vimehamia uwanja wa Kasarani: Uhuru Kenyatta Aprili 2013, tena Novemba 28, 2017, na William Ruto Septemba 13, 2022. Kasarani una milango, na penye milango hupatikana waliobaki nje. Mwaka 2017 waliokosa nafasi walifyatuliwa gesi ya machozi. Mwaka 2022 uwanja ulijaa kabla ya mapambazuko, na watu kadhaa wakaumia katika msongamano wa langoni. Ukiwatazama waliokuwa wakisukumana pale unaona kwamba wangeweza kabisa kukaa nyumbani wakatazama runinga kwa raha, wakaona uso wa rais vizuri zaidi. Wanakwenda kwa sababu kutazama si sawa na kushuhudia.

Hata upinzani umejifunza somo hilo, kwa njia yake. Januari 30, 2018 Raila Odinga, aliyesusia uchaguzi wa marudio wa 2017, alikwenda Uhuru Park kujiapisha kuwa rais wa wananchi. Kisheria kiapo kile hakikuwa na uzito wowote. Hapakuwa na Jaji Mkuu, na vinara wenzake watatu hawakutokea. Maelfu walisubiri juani tangu asubuhi. Serikali haikuwazuia watu kuingia bustanini ila iliwazuia walio mbali kuona: ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN, na stesheni hizo zikabaki gizani kwa siku kadhaa hata baada ya mahakama kuamuru ziwashwe. Yaani kila upande ulijua kilichokuwa cha thamani siku ile. Mmoja aliwakusanya mashahidi, mwingine akawapunguza.

*

Tanzania ilipata kiapo cha kihistoria cha namna nyingine. Usiku wa Machi 17, 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitokea kwenye televisheni akatangaza kifo cha John Magufuli. Asubuhi ya Ijumaa, Machi 19, aliapishwa Ikulu, Dar es Salaam, amevaa hijabu nyekundu, Kurani mkononi, mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma na wageni wachache, wakiwemo marais wastaafu Ali Hassan Mwinyi na Jakaya Kikwete. Mwanamke wa kwanza, Mzanzibari, mzaliwa wa Makunduchi. Nchi ilikuwa msibani na hapakuwa na umati, wala hapakustahili kuwa na umati wa kushangilia. Watu waliona kiapo kile majumbani, kwenye vibanda vya chipsi, kwenye simu ndani ya daladala, na maoni yao yalichanganyika: huzuni, faraja kwa waliokuwa wameogopa, fahari ya wanawake waliokuwa hawajawahi kumwona anayefanana nao akipokea saluti ya mizinga, na minong'ono ya wanaume waliouliza kama ataweza.

Minong'ono ile aliisikia. Machi 22, katika uwanja wa Jamhuri Dodoma, wakati wa mazishi ya kitaifa, aliwajibu wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni rais, akarudia, na kwamba rais huyo kwa maumbile ni mwanamke. Uwanja ulilipuka kwa makofi katikati ya maombolezo. Kwangu mimi hapo ndipo alipoapishwa mara ya pili, safari hii na waliokosa nafasi Ikulu.

Ndiyo sababu kilichotokea Novemba 3, 2025 kiliuma. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, ulioambatana na maandamano, mauaji na kuzimwa kwa intaneti, Samia, aliyetangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura, aliapishwa Dodoma katika sherehe ambayo wananchi hawakuruhusiwa kuhudhuria. Televisheni ya taifa ilirusha matangazo. Wanajeshi walikuwepo, wageni wa nje walikuwepo. Upande wa tatu wa kiapo haukuwepo, na mtu anayeijua Desemba 30, 2007 hawezi kuiona picha hiyo moyo wake ukatulia.

*

Wapo pia Waafrika Mashariki wanaoishi penye desturi tofauti kabisa ya kumshuhudia mtawala. Mtaa wa Al-Safa upo Riyadh, na upo mwingine Jeddah, na katika mitaa kama hiyo ya miji yote miwili wamo Wakenya na Waganda wanaofanya kazi za nyumbani, udereva na ulinzi. Saudi Arabia haina rais wala siku ya kumwapisha. Ina baia. Mfalme Abdullah alipofariki Januari 23, 2015, jioni ya siku hiyo hiyo mrithi wake, Salman, alikaa katika Qasr al-Hukm, Riyadh, raia wakapanga foleni wakampa mkono mmoja mmoja kumuahidi utii, na katika mikoa magavana wakaipokea ahadi hiyo kwa niaba yake. Watu wa pwani yetu waliowahi kuwa chini ya masultani hawatauona utaratibu huo kuwa mgeni sana. Katika baia raia ndiye anayeahidi. Uhuru Park mtawala ndiye aliyeahidi, na raia wakasikiliza. Vyote viwili vinahitaji watu wawepo kwa miili yao, ila mzigo wa ahadi unakaa upande mwingine.

Mkenya aliyekuwa Al-Safa Septemba 13, 2022, siku Ruto alipoapishwa, hakuwa katika foleni ya baia wala ya Kasarani. Nairobi na Riyadh zina saa ile ile. Adhuhuri ya Kasarani ni adhuhuri ya huko pia, na ilikuwa Jumanne, siku ya kazi. Kwa yaya, hiyo ni saa ya chakula cha mchana cha familia ya mwajiri. Simu yenyewe, kwa wale walioruhusiwa kukaa nayo, hungoja mpaka usiku. Na hakuwa amepiga kura: Wakenya wa ng'ambo walipigia kura katika nchi 12 mwaka ule, na Saudi Arabia haikuwemo, ingawa ni miongoni mwa nchi zenye Wakenya wengi wanaofanya kazi na kutuma pesa nyumbani.

Hawa ndio raia ambao ahadi ya rais inawagusa kwenye ngozi. Mwaka 2021 wizara ya mambo ya nje ililieleza Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na vyeti vingi vikitaja moyo kusimama, jambo ambalo hata maafisa waliona kwamba haliingii akilini kwa vijana. Wenzao waliotoroka waajiri wamelala nje ya ofisi za uhamiaji wakingoja hati za kurudi. Mtu wa hali hiyo anapomsikia rais akiapa kwamba atailinda hadhi ya watu wa Kenya, ana haki kubwa kuliko wengi wetu ya kuwa pale, kuyasikia maneno hayo, na kesho kuyadai.

Katiba iliyoandika neno hadharani ina kifungu kingine, cha 82, kinachosema kwamba raia walio ng'ambo wataandikishwa na kuwezeshwa kupiga kura hatua kwa hatua. Mwaka 2022 hatua hizo zilifika Ghuba kwa mara ya kwanza. Zilifika Qatar, zikafika Falme za Kiarabu. Riyadh na Jeddah hazikufika.